Mzigo wa Asiyekuwepo Kikaoni

Novemba 2019 nilikaa siku nne Mwanza, kwenye chumba cha nyuma cha ofisi ya chama kimoja cha akiba na mikopo, nikihamisha mfumo wao wa hesabu kutoka Python 2 kwenda Python 3, matoleo mawili ya lugha moja ya kuandikia programu. Mfumo ule niliuandika mwenyewe mwaka 2011. Siku ya tatu mhasibu, mama mtu mzima aliyekagua kila karatasi iliyotoka kwenye printa, akaniita.

"Mwanangu, hii nusu shilingi imetoka wapi?"

"Ipi hiyo, mama?"

Akaziweka karatasi mbili sambamba, akakandamiza kidole kwenye mstari mmoja. Mwanachama alibakiwa na deni la shilingi 485,350, na riba ya chama ni asilimia 1 kwa mwezi. Karatasi ya mfumo wa zamani ilisema riba ni 4,853. Ya mfumo mpya ilisema 4,853.5. Wanachama walikuwa zaidi ya mia tatu, na jumla ya chini ya ukurasa ilikuwa haiafikiani tena na vitabu vya miaka minane.

Kompyuta haikuwa imekosea. Katika Python 2, ukigawanya namba nzima kwa namba nzima, jibu hukatwa libaki namba nzima: 7 kwa 2 ni 3. Katika Python 3, 7 kwa 2 ni 3.5, kama anavyofundishwa kila mtoto shuleni. Mstari wangu haukuguswa hata herufi moja, lakini maana yake ilikuwa imegeuka.

Usiku ule nilitafuta ni nani aliamua, na lini. Jibu lilikuwa limeandikwa wazi tangu 2001, kwenye pendekezo namba 238 la wajenzi wa Python. Mlikuwa na sababu za kubadilisha, hoja za waliosita, alama mpya ya // kwa anayetaka jibu likatwe, na hata mstari mmoja ambao mwandishi wa programu angeuweka juu ya faili lake aanze kuizoea hesabu mpya mapema. Nilipoandika mfumo wangu, waraka ule ulikuwa na umri wa miaka kumi, nami sikuusoma. Yule mama hakuwa hata na njia ya kujua kwamba upo. Kamati ya mikopo ilikaa kesho yake, ikaamua riba iendelee kukatwa kama zamani, nami nikarudisha hesabu ya kale kwa kuongeza mkwaju mmoja (/) kwenye kila mstari wa kugawanya.

Watu wanaposifu programu huria, husifu uwazi: msimbo unasomeka, mjadala unasomeka, kila uamuzi una tarehe na jina la mwenye kuuamua. Ni kweli, na riziki yangu imetegemea uwazi huo. Lakini mabadiliko yaliyojadiliwa hadharani kwa miaka kumi na minane yaliingia ofisini Mwanza kama mgeni asiyebisha hodi. Ndiyo maana jumuiya ya programu huria siipimi kwa uwazi wa vikao vyake peke yake. Naipima kwa jinsi inavyouhesabu mzigo wa mtu ambaye hayupo kikaoni na hajui kama kuna kikao. Kwa kipimo hicho sijaona mfano wenye mafunzo mengi kama Python, kwa sababu ilianguka mtihani huu mbele ya macho ya watu, ikainuka, na kila hatua imo kwenye maandishi.

Python ilianza kama kazi ya likizo. Desemba 1989 Guido van Rossum, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi kwenye taasisi ya utafiti wa hisabati na kompyuta ya CWI mjini Amsterdam, alianza kuiandika wakati wa mapumziko ya Krismasi. Februari 1991 akaitoa kwa umma. Mwaka 1995 wenzake wakampa cheo cha utani ambacho kwa Kiswahili tungesema Dikteta Mwema wa Maisha. Utani ule ulikuwa na ukweli ndani yake: mjadala ukigonga mwamba, neno lake ndilo lililofunga.

Mwaka 2000, mambo yalipokuwa mengi kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuyakumbuka yote kichwani, walianzisha utaratibu wa mapendekezo yenye namba, uitwao PEP. Anayetaka jambo kubwa libadilike huandika waraka. Humo hueleza tatizo ni nini, dawa yake ni ipi, na programu za zamani zitapata madhara gani. Kisha kuna kifungu ninachokipenda kuliko vyote: mawazo yaliyofikiriwa yakakataliwa, na sababu zake. Waraka wenyewe ukikataliwa hautupwi. Hubaki na namba yake, ili mtu atakayekuja na wazo lile lile miaka kumi baadaye akute majibu ya waliomtangulia. Nimefanya kazi na ofisi nyingi, za serikali na za binafsi, zinazotunza vizuri mihtasari ya yaliyopitishwa. Sijapata kuona hata moja inayotunza sababu za yaliyokataliwa.

Kura haikuwa nguzo ya utaratibu huo. Waliijaribu 2003, watu walipotaka namna fupi ya kuandika "chukua hiki kama sharti limetimia, la sivyo kile". Wengi walilitaka jambo lenyewe, lakini maumbo yaliyopendekezwa yalikuwa mengi na hakuna hata moja lililoungwa mkono vya kutosha, pendekezo likaanguka. Mwaka 2005 van Rossum akachagua umbo mwenyewe, nalo ndilo tunaloliandika hadi leo.

Toleo la 3.0 lilitoka tarehe 3 Desemba 2008, na lilivunja mambo kwa makusudi. Sababu kubwa ilikuwa maandishi, na katika hilo nawatetea kwa moyo wote, maana Mwanza niliiona sababu hiyo kwa macho. Python 2 ilichanganya maandishi na baiti tupu, na usipoiambia vinginevyo, ilichukulia kwamba dunia nzima inaandika kwa ASCII, yaani herufi za Kiingereza. Kiswahili kwa bahati hutumia herufi hizo hizo, kwa hiyo tulijiona salama. Lakini majina mengi ya Kisukuma huanza na Ng’w. Ukiyaandika kwenye Word, ile alama iliyonyooka hugeuzwa yenyewe kuwa iliyopinda, na iliyopinda haimo kwenye ASCII. Mfumo wangu wa zamani ukilipokea jina la namna hiyo kutoka kwenye faili la fomu za uanachama, ulisimama palepale na ujumbe mrefu unaolalamikia baiti 0xe2. Makarani wakapata njia yao: wakawa wanaandika Ngwa badala ya Ng’wa. Miaka minane watu walipunguziwa majina yao kwenye vitabu vya akiba yao wenyewe, ili programu yangu isianguke. Python 3 ilitenganisha maandishi na baiti, ikayafanya maandishi yote kuwa ya Unikodi, inayobeba herufi na alama za lugha nyingi, na jina likapita na alama yake.

Kwa hiyo waliovunja walikuwa na haki ya kuvunja. Walipokosea ni kwenye kukadiria mzigo. Mpango wa awali ulikuwa na chombo kilichoitwa 2to3: ukipitishe juu ya programu yako, kikubadilishie yanayobadilika, usahihishe kilichobaki kwa mkono, uhame. Mpango huo ulimfikiria mtu mwenye programu moja inayojitegemea. Watu wa namna hiyo ni wachache. Programu husimama juu ya maktaba za msimbo wa watu wengine, na maktaba hizo juu ya nyingine. Mwenye programu hakuweza kuhama kabla ya maktaba zake, na mtunzaji wa maktaba hakuwa na haraka ya kuhama huku watumiaji wake wote wako ng’ambo ile. Kila mmoja alisimama kwenye ukingo wa mto akimsubiri mwenzake avuke. Django, ambayo tovuti nyingi zimejengwa juu yake, iliikubali Python 3 kwa majaribio Februari 2013, zaidi ya miaka minne baada ya 3.0 kutoka.

Jambo moja dogo linaonyesha kosa lile lilivyokuwa. Katika Python 2, mwandishi mwangalifu aliyetaka maandishi yake yashughulikiwe kama Unikodi aliweka herufi u kabla ya alama za kufungua maneno. Katika 3.0 maandishi yote yakawa Unikodi, basi ile u ikaonekana haina kazi, ikaondolewa kabisa. Ukiiandika, programu haiendi. Matokeo yake, waliokuwa waangalifu zaidi, waliojali lugha zenye herufi nyingine tangu mwanzo, ndio hasa waliovunjikiwa. Na kwa kuwa watunzaji wa maktaba walihitaji msimbo mmoja unaokwenda kwenye matoleo yote mawili, herufi ile ndiyo ingekuwa daraja lao. Pendekezo namba 414 liliomba irudishwe, na toleo la 3.3 la Septemba 2012 likairudisha. Herufi isiyofanya kazi yoyote ilirudi kwa ajili ya watu waliokuwa bado njiani. Kwangu mimi hapo ndipo jumuiya ile ilipoanza kuwahesabu wasiokuwepo.

Mengine yalifuata. Python 2.7 ilipangiwa kuachwa 2015; mwaka 2014, walipoona wengi bado hawajavuka, wakasogeza tarehe hadi 2020. Ikaisha kweli tarehe 1 Januari 2020, na toleo la mwisho kabisa, 2.7.18, likatoka Aprili mwaka huo. Kampuni kama Instagram ilikuwa na wahandisi wa kuihamisha huku huduma ikiendelea, na 2017 walisimama kwenye mkutano wakaeleza walivyofanya. Chama cha Mwanza kilikuwa na mimi, siku nne, na tiketi ya basi.

Kuna atakayeuliza kwa nini wasiotaka kuhama hawakubaki na Python 2 wakaitunza wenyewe. Leseni iliwaruhusu. Mtu yeyote anaweza kuuchukua msimbo wote, akaupa jina jingine na kwenda zake, na wapo waliofanya hivyo wakaendeleza lugha ya zamani kwa jina lao. Hawakupata wafuasi wengi, kwa sababu kubaki nako kuna gharama: mwenye kubaki ndiye atakayeziba matundu ya usalama usiku wa manane.

Haki hiyo ya kujitenga ina nguvu hata pasipo mtu kuitumia, na ikitumiwa vizuri huwarudisha watu mezani. Desemba 2014 kundi la wajenzi wa Node.js, mradi mwingine huria, waliochoshwa na jinsi kampuni moja ilivyoushika mradi na matoleo kuchelewa, lilichukua msimbo likaanzisha io.js. Wakaweka kamati ya ufundi na milango iliyo wazi kwa wachangiaji wapya. Chini ya mwaka mmoja, Septemba 2015, pande mbili zilikuwa zimeungana tena ndani ya Node.js toleo la 4.0, chini ya wakfu usio wa kampuni moja, na utaratibu uliotawala ulifanana sana na wa waliojitenga. Anayeongoza mradi huria hujua kwamba wafuasi wake hawana mnyororo miguuni. Lakini mhasibu wa Mwanza hawezi kujitenga na chochote. Haki ya kuondoka ni ngao ya mwenye ujuzi, na yeye huwakinga wengine ikiwa tu anawakumbuka.

Python ilikutana na mtihani mwingine 2018, na safari hii aliyeelemewa alikuwa kiongozi mwenyewe. Pendekezo namba 572 lilileta alama :=, ambayo wengi huiita walrasi kwa sababu ukiilaza ubavu inafanana na macho na pembe za mnyama huyo wa bahari ya barafu. Humwezesha mwandishi kuipa thamani jina katikati ya usemi badala ya kuandika mstari wa peke yake. Waliopinga walisema lugha iliyopendwa kwa usomekaji wake inajazwa vichaka. Mjadala ukawa mrefu na mkali, maneno yakaacha alama na kuanza kumlenga mtu. Julai van Rossum akalipitisha. Tarehe 12 Julai 2018 akawaandikia wenzake kwamba anang’atuka: hataki tena kupigania pendekezo kwa nguvu kiasi kile kisha akute watu wengi wanauchukia uamuzi wake. Akasema hatamteua mrithi; wajitafutie wenyewe namna ya kujitawala.

Kukataa kuteua mrithi naona ndiko kulikokuwa zawadi yake kubwa. Sote tumeona vyama na vikundi vilivyomtegemea mwanzilishi mmoja: akiteua, mteule hurithi kiti bila kurithi imani, asipoteua na hakuna utaratibu, vitu hugawanywa. Hawa walikuwa na chombo tayari mikononi. Walichukua ule ule utaratibu wa nyaraka waliokuwa wakibadilishia lugha, wakautumia kujibadilisha wao. Zikaandikwa hoja saba za utawala, namba 8010 hadi 8016: moja ikitaka kiongozi mmoja kama zamani, nyingine watatu, nyingine ikitaka jumuiya ijiendeshe bila mkuu. Kila moja ikajadiliwa, kisha Desemba wajenzi wakuu wakapiga kura kwa kupanga chaguo zote kuanzia wanayoipenda zaidi. Kura iliyowashinda 2003 safari hii ilizaa matunda, kwa sababu kila mpiga kura alieleza pia kitu anachoweza kuishi nacho endapo anachokitaka kitakosekana.

Ilishinda 8016. Baraza la watu watano, wanaochaguliwa upya baada ya kila toleo kubwa. Wasizidi wawili kutoka kwa mwajiri mmoja. Theluthi mbili ya kura za wajenzi zinaweza kuliondoa. Waraka wenyewe unaliagiza baraza litafute mwafaka kwanza na litumie mamlaka yake kwa uchache. Baraza la kwanza, la 2019, lilikuwa na Barry Warsaw, Brett Cannon, Carol Willing, Nick Coghlan na van Rossum mwenyewe, ambaye hakugombea tena kipindi kilichofuata. Kile kifungu cha mwajiri si cha mapambo. Baadhi ya wanaoujenga mradi huu hulipwa na kampuni kubwa, na anayelipa mishahara ya wajenzi ana mkono mrefu hata asiponyanyua sauti.

Mtihani wa baraza ulifika Aprili 2021. Toleo la 3.10 lilikuwa libadilishe jinsi Python inavyohifadhi maelezo ya aina, yale maandishi madogo ambayo mwandishi huweka kando ya jina kusema hili ni namba, hili ni neno. Badiliko lilishakubaliwa zamani. Tangu 2018 lilikuwa hiari, sasa ndiyo lingekuwa kawaida kwa wote. Zikiwa zimebaki wiki chache matoleo ya majaribio yafunge mlango kwa vitu vipya, mtunzaji wa maktaba ya pydantic akapaza sauti: maktaba yake husoma maelezo hayo programu inapoendeshwa, na badiliko hili litaivunja, pamoja na FastAPI iliyojengwa juu yake. Kwa sheria angejibiwa kwamba amechelewa miaka mitatu. Hoja hiyo ingekuwa sahihi, kama ilivyokuwa sahihi kuniambia mimi kwamba pendekezo 238 lilikuwepo tangu 2001.

Baraza halikumjibu hivyo. Tarehe 20 Aprili lilitangaza kwamba badiliko linaahirishwa, ili watu wa pande zote wapate muda wa kutafuta njia isiyovunja. Njia ilipatikana kwenye pendekezo jingine, namba 649, lililokubaliwa 2023 na kuingia kwenye toleo la 3.14, Oktoba 2025. Miaka minne ya kusubiri. Wapo waliokereka, na mtu aliyejenga kitu akaona kinaondolewa dakika za mwisho ana haki ya kukereka. Mimi nilipousoma uamuzi ule niliikumbuka nusu shilingi ya Mwanza. Safari hii karatasi mbili ziliwekwa sambamba kabla ya kuondoka kiwandani.

Badiliko kubwa linaloendelea sasa linaonyesha kwamba somo limekaa. Python kwa miaka mingi imekuwa na kufuli moja kuu ndani yake, lijulikanalo kama GIL, linaloruhusu uzi mmoja tu wa kazi kusonga kwa wakati mmoja hata kama kompyuta ina viini kumi na sita. Pendekezo 703 la Sam Gross liliomba liweze kuondolewa. Kampuni ya Meta iliahidi kuchangia kazi ya mhandisi yenye thamani ya miaka mitatu endapo lingekubaliwa, na ahadi ya namna hiyo ni hoja nzito kwenye jumuiya ambayo mwenye kufanya kazi ndiye husikilizwa. Baraza lililikubali Oktoba 2023, likiwa na masharti: kwanza liwe la majaribio, kisha liungwe mkono rasmi bila kuwa kawaida, na liwe kawaida siku jumuiya nzima itakapokuwa tayari. Likaweka wazi kwamba historia ya Python 3 haitarudiwa, na kwamba mzigo ukionekana mkubwa kuliko faida, safari inaweza kukatishwa. Toleo la 3.13 la Oktoba 2024 lilileta hatua ya kwanza, 3.14 ya pili. Anayesakinisha Python leo bila kuchagua lolote hupata ile yenye kufuli, na programu yake inakwenda kama ilivyokwenda jana.

Mimi nami nimebadili mwenendo. Kila Mei, toleo la kwanza la majaribio lisilopokea tena vitu vipya likishatoka, naupitisha mfumo wa Mwanza ndani yake, miezi mitano kabla toleo kamili halijafika kwa watu. Faili langu la kupimia lina jina moja linaloanza na Ng’w, alama imepinda, na deni moja la shilingi 485,350 ambalo riba yake lazima itoke 4,853. Mama mhasibu amestaafu. Aliyemrithi hunipigia simu mwezi huo, akishasalimia huuliza kama kuna kitu watakachokikuta Oktoba, nami humsomea orodha mstari kwa mstari, pamoja na ile isiyowahusu.